Tulitambue Kwanza, Kisha Ndipo Tuliuze

Kama umewahi kutumwa jembe nyuma ya stoo, basi unalijua gari ninalotaka kulizungumzia. Liko pale chini ya mkaratusi, baina ya tangi la maji na rundo la vitanda vilivyovunjika, limezama ardhini hadi karibu na sakafu. Kuku wa jikoni hutagia ndani yake. Kidato cha Kwanza huambiwa siku ya kwanza kwamba lina mzimu. Mgongo wake umeviringana, na kwa sababu hiyo wanafunzi waliotutangulia waliliita Kobe, nasi tumelirithi jina hilo pamoja na madawati yao.

Muhula wa pili, katika gwaride la Jumatatu, tulitangaziwa kwamba vyuma vyote vikuukuu vya shule vitauzwa kwa kilo: vitanda, mabomba, fremu za madawati, "na lile gari." Tulipiga makofi. Chama cha Kiswahili kilipiga makofi kuwashinda wote, maana tuliahidiwa kwamba sehemu ya fedha hizo itatununulia nakala ishirini za Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Sote twajua jinsi tunavyonyang'anyana zile nne tulizo nazo, mojawapo ikiwa haina herufi M hadi P. Ukitaka kujua maana ya neno "mwerevu", bahati yako.

Hata hivyo nasimama hapa kupinga. Sipingi kuuza. Napinga kuuza kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu, kuanzia mwalimu wa zamu hadi mpiga kengele, aliyeweza kusema ni cha aina gani, ni cha mwaka gani na ni cha nani. Najua hoja hii imewaudhi wengi. Mwenyekiti wa Chama, ambaye tumekaa dawati moja tangu Kidato cha Kwanza, hajanisemesha tangu niitoe mkutanoni. Amesema ati nimechukua kamusi kutoka mikononi mwa watoto wa maskini, hali mimi mwenyewe ni mmoja wao.

Kabla ya kuendelea yanipasa kukiri kosa. Ule uvumi kwamba Kobe ni gari lililoshindana katika Safari Rally ya 1953 niliuanzisha mimi. Nilikuwa Kidato cha Kwanza. Nilisoma katika kitabu cha maktaba kwamba mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na kwamba Volkswagen zenye umbo kama hili zilikuwamo. Nikaona picha, nikakimbia nyuma ya stoo, nikaona mgongo ule ule, basi! Jioni hiyo bweni zima lilikuwa linajua. Mwaka uliofuata nilisikia habari yangu ikisimuliwa na mwanafunzi wa Kidato cha Nne, imeongezwa dereva Mzungu aliyevunjika mguu Mlimani Timboroa. Wahenga husema penye wengi hapaharibiki neno. Bweni letu hawakulifika.

Aliyenivua nguo, kwa maneno tu, ni mnunuzi wa vyuma. Alikuja na lori na mizani, akamimina vitanda kwenye sahani, kisha akaanza kumzunguka Kobe. Mimi na wenzangu wawili tukamfuata tukamwambia, kwa sauti ya watu wanaojua thamani, kwamba hilo si gari la kilo, hilo ni la Safari ya 1953. Akacheka. Hakufungua mlango, hakuinama, hakuuliza chochote. Alikwenda nyuma akagonga fremu ya dirisha kwa kidole.

"La hamsini na tatu lina dirisha kama yai, au vipande viwili," akasema. "Hili ni kama televisheni."

Akachora alama ya X kwa chaki mlangoni, akaenda zake. Alisema atarudi kwa ajili ya gari baada ya likizo fupi. Wenye macho hawaambiwi tazama, lakini sisi tulikuwa na macho kwa miaka mitatu na tukaambiwa tazama na mtu aliyekuwa anataka tu kujua uzito.

Nilikwenda kuhakikisha, nikakuta kweli. Hadi Machi 1953 magari haya yalikuwa na dirisha la nyuma lililogawanywa na ubao wa chuma katikati. Kisha likaja dirisha moja la duara refu, hilo analoliita yai, likadumu hadi katikati ya mwaka 1957. Kuanzia Agosti 1957 dirisha likawa pana, la pembe nne zilizolainishwa. Dirisha la Kobe ni la pembe nne. Kwa hiyo hadithi yangu ya 1953 ilikufa hapo hapo, nami ninaomba radhi kwa wote walioisadiki, hasa yule wa Kidato cha Kwanza aliyeiandika katika insha akapata alama kumi na saba.

Sasa basi ni gari la mwaka gani? Hapa ndipo mjadala ulipochachamaa bwenini. Mmoja alisema ni la 1973, kwa sababu taa ya nyuma upande wa kulia ni kubwa ya mviringo, ile inayofananishwa na unyayo wa tembo, na taa hizo zilianza Agosti 1972. Hoja nzuri, nusura nikubali. Mwingine akasema haiwezekani, kwa sababu taa kubwa ya mbele upande wa kushoto imelala nyuma ikiwa na kioo cha mteremko, na mtindo huo uliachwa Agosti 1967. Lakini taa ya kulia, pale mbele, imesimama wima! Jamani, hebu fikirieni: jicho moja la kabla ya 1967, jicho jingine la baada ya 1967, na makalio ya 1973. Tukaanza kucheka kwamba Kobe alizaliwa mara tatu.

Jibu lilitoka kwa fundi mmoja wa bodi katika jua kali mjini, mzee anayezinyosha matatu zilizogongana. Nilimwendea wakati wa likizo fupi, nikamweleza huku nikichora kwenye vumbi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Kijana, hizo madigadi zinashikwa na nini?"

Nikasema sijui, Mzee.

"Bolti. Zote nne ni za bolti. Mimi nakutolea moja kabla chai haijapoa. Sasa wewe unaniletea umri wa kitu cha spana? Usianze na kinachofunguka kwa spana. Anza na kilichochomelewa."

Kwa maoni yangu sentensi hiyo ina thamani kuliko hotuba zote tulizosikia gwarideni mwaka huu. Katika gari hili madigadi, boneti, mfuniko wa injini, bampa, rimu na hata injini yenyewe hutoka kwa spana, tena gari lenyewe lilitengenezwa makusudi hivyo ili lirekebishwe kwa urahisi. Kila ajali hubadilisha kitu. Gari la kijijini likigongwa, fundi hatafuti madigadi ya mwaka ule ule. Anatafuta madigadi yatakayopatikana. Taa ya nyuma imeshikwa na madigadi ya nyuma, na taa kubwa ya mbele imekaa ndani ya madigadi ya mbele. Basi macho yote mawili ya Kobe, na ule unyayo wa tembo, vilikuwa vinatuambia habari za magari mengine kabisa ambayo labda yalikwisha yeyushwa zamani.

Nilirudi shuleni nikaenda moja kwa moja nyuma ya stoo na msumari. Nikakwangua rangi mahali padogo padogo. Chini ya ile rangi ya maziwa iliyopauka, mwili una rangi ya samawati. Milango yote miwili vilevile. Madigadi ya nyuma kulia ni nyekundu chini. Ya mbele kulia ni nyeupe mpaka kwenye chuma. Ya mbele kushoto, ile yenye jicho lililolala, ni samawati. Hapo nikaanza kujua ni vipande gani vilizaliwa pamoja.

Kisha nikatazama yale yaliyochomelewa tu, kama nilivyoagizwa. Naomba msomaji anivumilie, kwa maana hapa ndipo utamu ulipo.

Tazama kidirisha kidogo cha pembetatu mbele ya kioo cha mlango. Nguzo inayokitenga na kioo kikubwa, je, imesimama wima au imelala? Hadi katikati ya 1964 ilisimama wima. Agosti mwaka huo Volkswagen walipanua vioo vyote, wakazikondesha nguzo, na ile nguzo ya kidirisha ikalazwa nyuma kidogo. Ya Kobe imelala. Utasema mlango nao hutoka kwa spana. Kweli, ndiyo maana sikuishia hapo. Nilipima kwa kamba na tundu la kioo cha mbele, ambalo halitoki kwa spana, nikalinganisha na vipimo alivyonipa fundi. Ni tundu lile pana. Kwa hiyo Kobe si mkubwa kuliko Agosti 1964.

Sasa nenda upande wa kulia, mbele ya mlango, kwenye ule ubavu mfupi kati ya mlango na boneti. Katika magari yaliyotengenezwa kuanzia Agosti 1967 pana kifuniko kidogo cha kutilia petroli kutoka nje. Kabla ya hapo ilikuwa lazima ufungue boneti ndipo utie. Kobe hana kifuniko. Ubavu ni laini kama shavu la mtoto, ukiacha kutu. Kwa hiyo si mdogo kuliko Julai 1967.

Tena angalia nyuma ya vioo vya ubavuni vya abiria wa nyuma. Kuanzia Agosti 1970 mahali hapo paliwekwa tundu la hewa lenye umbo la mwezi mchanga. Kobe hana mwezi. Hili halikuongeza kitu, maana tulikwisha fika 1967, lakini lilimnyamazisha kabisa yule bwana wa 1973.

Basi tuko kati ya Agosti 1964 na Julai 1967. Miaka mitatu. Kutoka kwenye uvumi wa bweni zima tukapata miaka mitatu kwa kutazama dirisha, nguzo na shavu. Magurudumu hayakunisaidia: mawili yameibwa, na kati ya mawili yaliyobaki moja lina matundu marefu kwenye rimu, mtindo ulioanza Agosti 1965, na jingine halina. Injini haipo. Waliotafuta rejeta mbele ili kuthibitisha kwamba imeibwa nawapa pole. Gari hili halikuwa na rejeta tangu kuzaliwa, injini yake ilikaa nyuma na kupozwa kwa hewa.

Fundi alikuwa ameniambia jambo moja zaidi. Nambari ya chesisi ya gari hili haikuandikwa kwenye kibati cha mbele pekee, kile cha nyuma ya gurudumu la spea. Imepigwa pia katika chuma chenyewe, chini ya kiti cha nyuma, juu ya ule mgongo unaopita katikati ya sakafu. Kibati cha mbele kimeng'olewa. Matundu yake yapo. Lakini kiti cha nyuma kilikuwa pale, kimelaliwa na kuku. Mama mpishi alinisaidia kumhamisha pamoja na mayai yake tisa, akaniambia nikivunja hata moja nitalila bila chumvi. Nikasugua kwa mafuta ya taa na brashi ya waya kwa vipindi viwili vya michezo. Zikatokea.

Sitaiandika nambari yote hapa. Nitasema tu kwamba inaanza na 116. Kuanzia Agosti 1964 tarakimu mbili za mwanzo zilitaja aina ya gari, na ya tatu ikataja mwaka wa toleo. 116 ni toleo la 1966, na kiwandani mwaka wa toleo ulianza Agosti, kwa hiyo Kobe alitoka kati ya Agosti 1965 na Julai 1966. Mwanafunzi mwenye akili atauliza: je, mwili hauwezi kuwekwa juu ya chesisi nyingine? Unaweza, kwa sababu nao umefungwa kwa bolti. Ndiyo sababu nilifurahi kwamba mwili ulikwisha jisemea wenyewe kabla sijaiona nambari, na zote mbili zikakubaliana.

Mwenyekiti wetu anauliza, "Na iwe ya 1966, so what?" Swali hilo aliliuliza hivyo hivyo, ndani ya mkutano wa Chama cha Kiswahili, nami naliandika kama lilivyo ili kumbukumbu iwepo. Ana haki ya kuuliza. Gari la 1966 si hazina. Kobe wa aina hii walitengenezwa zaidi ya milioni ishirini na moja, na wa mwisho alitoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003. Walishinda Safari mwaka 1954, 1957 na 1962; baada ya hapo hawakushinda tena, na huyu wetu alikuwa hajazaliwa. Siwezi kudanganya mara ya pili ili kuokoa uongo wa kwanza. Hakuna jumba la makumbusho litakalotuma barua.

Lakini nambari ya chesisi si umri tu. Ni jina. Gari lililosajiliwa lina mwenyewe, na mwenyewe huyo yumo katika daftari fulani. Nilipokuwa nasugua, yule mzee askari wa lango, ambaye amekuwa hapa kuliko mwalimu yeyote, alikuja kusimama karibu. Akaniambia kwamba gari lilikuwa la mwalimu mmoja aliyefundisha Kiswahili hapa. Alipata uhamisho. Injini ilikuwa imefunguliwa, iko mjini kwa fundi. Akamwambia askari, "Niangalizie gari, nitarudi Krismasi." Askari akasema, "Sawa, Mwalimu." Krismasi hiyo hakurudi, wala nyingine zilizofuata. Mpaka leo Mzee huyo hupita pale kila usiku na tochi. Mimi nilidhani anafukuza wavutaji sigara.

Nilimuuliza kama alipata kumwambia mtu ofisini. Akasema, "Waliokuwa ofisini walibadilika, mwanangu. Lindo halibadiliki."

Sasa niambieni, wenzangu, hizo kamusi tutazifungua kwa raha gani? Gari la mwalimu wa Kiswahili, lililoachwa kwa ahadi, liuzwe kwa kilo ili kununulia Chama cha Kiswahili vitabu, bila hata kumtafuta mwenyewe au watoto wake? Wanaosema "ameshaliacha, limekuwa letu" wajiulize kama wangesema hivyo kuhusu sanduku lao likisahauliwa bwenini likizo. Wanaosema ni mwili wa kutu tu, nakubali ni wa kutu. Jeneza nalo ni la mbao tu.

Tena kuna upande wa sheria, na huu nausema kwa haraka maana mimi si wakili. Tangu 2015 Kenya ina sheria ya vyuma chakavu inayomtaka mfanyabiashara awe na leseni. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara hiyo nzima kwa miezi kadhaa, baada ya watu kung'oa vyuma vya nguzo za umeme. Nani kati yetu angependa shule ionekane imeuza gari lenye nambari ya mtu mwingine?

Mlezi wa Chama amesikia hoja hii, na namshukuru, kwa maana angeweza kunipa adhabu ya kulima kwa kukwangua mali ya shule kwa msumari. Ameandika barua, pamoja na ile nambari, ili itafutwe katika kumbukumbu za usajili. Jibu halijafika. Kama mwenyewe hatapatikana, au kama watoto wake watasema uzeni, basi mimi nitakuwa wa kwanza kusukuma Kobe hadi kwenye mizani, tena nitabeba hizo kamusi kichwani kutoka stendi. Ninaloomba ni kwamba lile lori lisilipakie kabla ya barua kujibiwa. Alama ya X nimeifuta. Aliyeichora anaweza kuichora tena, chaki si ghali.

Kuna ombi moja la mwisho, nalo ni kwa Kidato cha Pili. Nimeonyeshwa beji inayozungushwa bwenini kwenu, yenye ngome na mbwa mwitu, inayodaiwa kutoka kwenye boneti ya Kobe. Si yake. Beji hiyo ya Wolfsburg iliondolewa katika magari haya kabla ya 1964, kwa hiyo aliyeinunua kwa mkate na soda amepunjwa, pole sana. Lakini kile kibati kidogo cha alumini kutoka nyuma ya gurudumu la spea ni chake, na mtu anacho. Kina nambari ile ile. Akisukume chini ya mlango wa ofisi ya Chama, usiku akitaka. Sitauliza jina, na yule mzee mwenye tochi nimeshamwambia.